Nilichojifunza kwenye Shingo ya Gitaa la Yngwie Malmsteen

Siku niliyomsikia mpiga gitaa Mswidi Yngwie Malmsteen kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshika msasa. Ilikuwa Novemba 2001, jijini Stockholm, katika karakana ya magitaa iliyokuwa chini ya jengo la makazi, na ingawa saa ilikuwa tisa na nusu alasiri, nje giza lilikuwa limeshaingia. Fundi mwenye karakana, mzee wa Kiswidi aliyezoea kufanya kazi huku santuri ikizunguka pembeni, aliweka albamu ya Rising Force ya mwaka 1984, akaendelea kusawazisha freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, bila kusema neno. Wimbo wa kwanza, Black Star, ulianza kwa gitaa lisilo la umeme, taratibu na kwa adabu, kisha gitaa la umeme likaingia juu ya ngoma na besi, na baada ya muda mfupi nikajikuta nimeacha kusugua ubao. Kasi haikunishangaza sana. Kilichonisimamisha ni kwamba ndani ya muziki huo wa hevi metali, uliotungwa na kijana wa jiji lile lile nililokuwa nikihangaika kulizoea, nilikuwa nasikia kitu nilichokijua tangu utoto wangu Unguja.

Nimezaliwa Mji Mkongwe, baba yangu akiwa seremala, na ami yangu, mdogo wake baba, akiwa mpiga fidla katika kikundi kimoja cha taarabu. Jioni baada ya Magharibi nilikuwa nikikaa kwenye ngazi za ukumbi wao wa mazoezi nikisikiliza fidla, udi, kanuni na akodiani vikitafutana hadi vikubaliane. Sikufundishwa kupiga, nilitumwa maji na kahawa, na kwa kusikiliza tu nikayajua majina ya makamu, yaani mipangilio ya sauti ambayo nyimbo hujengwa juu yake, majina ambayo wazee waliyataja kwa wepesi kama mtu anavyotaja vichochoro vya mtaa wake: Rasti, Bayati, Hijazi. Mwaka 1998 nilimfuata mke wangu Uswidi, alikokuwa akisomea uuguzi, na baada ya miaka miwili ya kufagia maofisi nikapata nafasi katika karakana ile kwa sababu moja tu, kwamba nilijua kunoa patasi. Hadi leo naona haya kumwita mzee aliyenizidi miaka thelathini kwa jina lake tupu, ingawa ndivyo Waswidi wafanyavyo. Moyoni nilimwita fundi mkuu, na hapa nitamwita hivyo.

Nilichokisikia kwenye santuri ile kilikuwa Hijazi. Anayeijua taarabu ya zamani anaijua ladha yake: sauti ya kwanza na ya pili zimebanana, kati ya ya pili na ya tatu pana pengo, kisha ya tatu na ya nne zinabanana tena, na ni lile pengo linalomfanya msikilizaji avute pumzi. Wanamuziki wa Ulaya wanaufikia mpangilio huo kwa njia nyingine. Wanayo skeli, yaani ngazi ya sauti, ndogo waiitayo ya harmoniki, ambayo sauti yake ya saba imepandishwa, na ukiianzia kwenye sauti yake ya tano unapata kitu kinacholingana na Hijazi, isipokuwa zile sauti nyembamba za katikati ambazo fidla na udi huweza kuzigusa na freti za gitaa haziwezi. Malmsteen hakuipata kwa Waarabu wala kwetu. Aliipata kwa watunzi wa zamani wa Ulaya: kwa Johann Sebastian Bach, kwa Vivaldi, na kwa Niccolò Paganini, mpiga fidla Mwitaliano ambaye vipande vyake 24 vya fidla pekee Malmsteen aliviona kwenye televisheni akiwa kijana, vikipigwa na Gidon Kremer. Nilipomweleza fundi mkuu kwamba makamu hiyo tunayo nyumbani, alisimamisha kazi akaniomba nimwimbie, nikamwimbia, naye akazitafuta sauti zile zile kwenye gitaa lililokuwa mezani. Tangu siku hiyo alianza kunisimulia habari za Malmsteen vipande vipande, kila tulipokuwa na kazi ya kutulia, na nyingine nikazisoma mwenyewe Kiswidi changu kilipokomaa.

Mtu huyo alizaliwa Stockholm tarehe 30 Juni 1963 na kupewa jina la Lars Johan Yngve Lannerbäck. Malmsteen ni jina la upande wa mama yake, lililobadilishwa kidogo tahajia. Alinunuliwa gitaa angali mdogo, nalo likakaa likining'inia ukutani. Tarehe 18 Septemba 1970, akiwa na umri wa miaka saba, televisheni ilitangaza kifo cha Jimi Hendrix na kuonesha picha zake akichoma gitaa jukwaani, na mtoto akaanza kupiga siku hiyo hiyo. Kisa hicho amekisimulia maisha yake yote. Mimi naona kilichofuata kina uzito zaidi, maana hakuishia kumwiga Hendrix. Dada yake alimpa albamu ya Deep Purple iitwayo Fireball, akamfuata mpiga gitaa wao Ritchie Blackmore, na ndani ya upigaji wa Blackmore akasikia harufu ya muziki wa kale wa Ulaya, akaifuata harufu hiyo hadi akafika ilikotoka. Watu wengi hupenda tunda wakasahau kuuliza mti uko wapi. Yeye aliuliza akiwa bado mtoto.

Hapa ndipo penye sehemu ya maisha yake ninayoipenda kuliko zote, maana inaihusu kazi yangu. Alipoacha shule akiwa na miaka kumi na mitano hivi, alifanya kazi kwa muda katika karakana ya kutengeneza ala za nyuzi, na huko ikaletwa ala ya karne ya 17 ya ukoo wa udi, ile ambayo jina lake la Kizungu, lute, limetokana na neno la Kiarabu la udi. Ubao wa shingo yake ulikuwa umechimbwa mabonde kati ya freti na freti. Kijana alivutiwa, akachukua shingo ya gitaa lisilo na thamani kubwa akaichimba vivyo hivyo, akaona inampa alichokuwa akikitafuta, kisha akayafanyia hivyo magitaa yake mazuri. Hadi leo hupiga Fender Stratocaster zenye shingo zilizochimbwa, na mwaka 1988 kampuni ya Fender ikaanza kuuza gitaa lenye jina lake, likiwa miongoni mwa Stratocaster za kwanza kabisa kutengenezwa kwa jina la mpigaji. Nilipoyasikia hayo nilifurahi furaha ya seremala. Niliona mtu aliyekuwa na umri wa kubeba mkoba wa shule, mbele ya kifaa cha mafundi waliokufa zamani, akisoma kwa macho na vidole kile ambacho hakikuandikwa kitabuni.

Kwa asiyejua, nieleze kidogo. Kwenye shingo ya kawaida, kidole hukandamiza uzi mpaka uzi ukakaa juu ya freti na ncha ya kidole ikagusa ubao. Kwenye shingo iliyochimbwa, ubao umeondolewa, kwa hiyo kidole kinaning'inia juu ya bonde na hakigusi chochote isipokuwa uzi. Wapigaji wengi huamini kwamba kazi ya mabonde hayo ni kuongeza kasi. Mimi pia niliamini hivyo, na imani hiyo ilinigharimu shingo moja ya gitaa na miezi mitatu ya maumivu.

Mwaka 2002 nilinunua gitaa la umeme lililokwishatumika, nikajiandikisha katika chama cha elimu ili nipate chumba cha mazoezi. Ni lazima niisifu nchi ile kwa jambo hili. Kuna vyama vya elimu ya watu wazima vilivyoanza zamani, kama ABF cha wafanyakazi kilichoanzishwa mwaka 1912, na kwa ruzuku ya serikali na manispaa vyama hivyo huwapa watu vyumba vya kupigia muziki, vingi vikiwa chini ya ardhi, vyenye joto, umeme na ngoma ambazo tayari zimefungwa. Ziko pia shule za muziki za manispaa, ambako mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani hujifunza ala kwa ada ndogo au bila ada. Watu wakiniuliza inakuwaje nchi yenye watu wachache namna ile imetoa bendi nyingi za metali, Entombed wa Stockholm, At the Gates na In Flames wa Gothenburg, Meshuggah wa Umeå, huwa nawatajia kwanza vyumba hivyo. Nilishuka humo saa tatu usiku, siku nne kwa juma, baada ya watoto kulala, nikiwa na metronomu, kile kifaa cha kupimia mwendo wa muziki, na karatasi za mazoezi, nami nikafanya kila kosa linaloweza kufanywa na mtu mwenye bidii nyingi.

Kosa kubwa lilikuwa moja. Nilidhani kasi ni nguvu. Nilikaza bega, nikakaza kiwiko, nikakaza kidole gumba nyuma ya shingo kama mtu anayekamua nguo, nikaikandamiza kila noti kana kwamba ingetoroka. Kila jioni niliongeza mwendo wa metronomu kidogo, na kila jioni noti zilizidi kufutana, zikawa uji. Nilikuwa nikiisikiliza Far Beyond the Sun ya Malmsteen mara kumi kwa siku nikiisaka siri ya mkono wake, na masikio yangu yalikuwa yameshaniambia jambo nisilotaka kulikubali: hata anapopiga kwa mwendo wa kutisha, kila noti ya Malmsteen ina mwanzo na mwisho wake, unaweza kuzihesabu kama shanga za tasbihi.

Badala ya kulegeza mkono nikakimbilia kifaa. Niliomba ruhusa kwa fundi mkuu nitumie vyombo vyake siku ya Jumamosi, nikafunika freti kwa utepe, nikachukua tupa ya mviringo na kuanza kuchimba shingo ya gitaa langu. Kuchimba kunataka subira kuliko kuchonga mlango, maana bonde la juu karibu na kichwa cha gitaa ni pana na yale ya chini yanazidi kuwa membamba, na kila moja lazima literemke na kupanda kwa mviringo ule ule, bila kuila ile kingo nyembamba ya ubao inayoshikilia freti. Nilikuwa na haraka. Bonde la tano nililichimba kwa kina kuliko mengine, tupa ikateleza na kukwaruza freti mbili, na vile vitone vya pembeni vinavyomwonesha mpigaji alipo nikavifuta vitatu. Fundi mkuu alipokuja Jumatatu aliitazama shingo ile dhidi ya mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye kila bonde kutoka la kwanza hadi la mwisho, akairudisha mezani. Hakunigombeza. Aliniletea shingo nyingine ya mbao nyeupe ya mti wa mepo (maple), ile mbao anayoipenda Malmsteen, akasema nianze upya na nisiguse tupa kabla sijachora kwa penseli kila bonde.

Shingo ya pili ilinichukua majuma sita, na ilikuwa nzuri. Nikaifunga kwenye gitaa, nikaweka nyuzi nyembamba za kipimo cha Malmsteen, wa kwanza ukiwa na unene wa inchi 0.008, nikazilegeza zote nusu sauti kama yeye alegezavyo, nikawasha amplifaya. Kila nilichokipiga kilikuwa na sauti mbaya, kikipinda juu ya noti yake kama mwimbaji aliyepandwa na hasira. Nilikagua kila kitu, freti, daraja, nyuzi, nikageuza skrubu zote zinazogeuzwa. Ilikuwa karibu usiku wa manane nilipogundua kwamba ubovu haukuwa wa gitaa. Kwa kuwa ubao haukuwapo wa kukizuia kidole, nguvu zangu zote ziliusukuma uzi ndani ya bonde, uzi ukajivuta, noti ikapanda. Shingo ile haikuwa imetengenezwa ili kuniongezea mbio. Ilikuwa inanisema kila nilipokandamiza kupita kiasi, papo hapo, kwa sauti ambayo hata jirani angeisikia.

Nadhani hilo ndilo alilolipata kijana Malmsteen katika ala ile ya zamani, kwa kulitafuta au kwa bahati. Mtu anayepiga miaka mingi juu ya shingo ya namna hiyo analazimika kuwa na kidole chepesi, kwa sababu kidole kizito hutoka nje ya sauti. Na kidole kikishakuwa chepesi, kinaondoka upesi kwenye noti moja kwenda nyingine, na hapo ndipo kasi huja yenyewe. Faida ya pili ni mtetemo: kidole kinaushika uzi pande zote, kinaweza kuuvuta na kuuachia kama fidla inavyofanya, na ule mtetemo mpana na wa taratibu anaouweka Malmsteen mwishoni mwa sentensi zake za muziki ndiyo alama yake halisi. Wengi wamepata mbio zake. Mtetemo huo sijasikia aliyeupata.

Elimu hiyo ilinifikia ikiwa imechelewa kidogo, kwani mishipa ya mkono wangu wa kushoto ilikuwa imeshavimba. Kwa miezi mitatu sikuweza kushika hata randa vizuri, nikawa karakanani nikifunga vifurushi na kupokea simu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyenitibu alinitaka nieleze ninavyopiga, nikamwonesha hewani bila gitaa, naye akaniuliza kwa nini natoa meno.

Miezi hiyo mitatu nilisoma sana, na nilichokisoma kwa makini zaidi ni mwaka 1987. Hadi hapo safari ya Malmsteen ilikuwa imepanda kama moshi. Akiwa hajulikani nje ya kwao, alituma kanda kwa Mike Varney, Mmarekani mwenye kampuni ya rekodi ya Shrapnel aliyekuwa na safu ya wapiga gitaa chipukizi katika jarida la Guitar Player, na mapema mwaka 1983 akaruka kwenda Los Angeles akiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Ndani ya mwaka huo huo alirekodi na bendi mbili, kwanza Steeler, kisha Alcatrazz ya mwimbaji Graham Bonnet. Mwaka uliofuata ikatoka Rising Force, ambayo sehemu kubwa haina uimbaji kabisa, ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. 1985 Marching Out, 1986 Trilogy. Kisha tarehe 22 Juni 1987 gari lake aina ya Jaguar lilivaa mti. Alipoteza fahamu kwa karibu juma zima, damu ikaganda kwenye ubongo, na mishipa ya fahamu ya mkono wa kulia, mkono unaoshika piki, kile kibapa cha kukwanyulia nyuzi, ikaharibika. Katika kipindi hicho hicho cha kuugua, mama yake akafariki kwa saratani huko Uswidi.

Kwa hiyo mtu ambaye ulimwengu ulimjua kwa mikono alilazimika kuufundisha mmoja wao upya. Mimi sikuwa nimepata ajali, na sithubutu kulinganisha uvimbe wa mishipa na mauti yaliyompitia jirani, lakini nilijua sasa jinsi inavyokuwa kuutazama mkono wako na kuuomba. Mwaka 1988 alitoa Odyssey, akiwa na mwimbaji Joe Lynn Turner, na nilipoweza tena kukaa na gitaa niliisikiliza nikitafuta kovu. Sikulisikia kwenye mbio. Nililisikia kwenye uchaguzi wa nyimbo, maana albamu ile ina nafasi zaidi kwa mwimbaji na kwa melodi, na gitaa linajua kungoja. Inawezekana kampuni ya rekodi ilitaka hivyo ili redio zipige. Mimi nimeamua kuisikia kama kazi ya mtu aliyejifunza kungoja hospitalini. Februari 1989 bendi hiyo ilipiga Muungano wa Kisovieti, na rekodi ya maonesho ya Leningrad ilitolewa mwaka huo. Anayetaka kujua kama mkono ulipona na aisikilize.

Mimi nilirudi kwa dakika kumi kwa siku, kwa saa iliyowekwa na mtaalamu wangu. Nilikuwa nikipiga noti moja, nikilegeza kidole mpaka noti ife, kisha nikiongeza nguvu kidogo kidogo mpaka noti ifufuke, na hapo nikasimama: hicho ndicho kiasi chote kinachohitajika, nacho ni kidogo cha kushangaza. Nikagundua jambo jingine lililokuwa kinyume cha nilivyowaza. Malmsteen hupiga mbele ya ukuta wa amplifaya za Marshall, kwa sauti ya kupasua masikio, na mimi kwa mazoea ya kuogopa majirani nilikuwa nimepunguza sauti hadi mwisho, nikawa najaribu kuirudisha kwa misuli. Amplifaya ikiwa imefunguliwa, mkono hauna haja ya kupiga kelele, kwani mguso mdogo tu unasikika ukumbi mzima, pamoja na makosa yake yote. Chumba cha chini ya ardhi cha chama cha elimu ndicho kilichonipa ruhusa ya kufungua sauti, na ndicho kilichonifundisha ulegevu. Wazazi wanaowakataza watoto wao sauti wana haki yao, lakini natamani kila mtoto anayejifunza gitaa la umeme apate mahali pa kulifungua angalau mara moja kwa juma.

Miaka ya 1990 siitaji kirefu, kwa sababu kwa upande wa muziki wake haikubadilika mengi. Kilichobadilika ni dunia. Marekani watu walihamia kwenye roki ya namna nyingine, isiyopenda solo ndefu, na wapigaji wengi wa rika lake wakakata nywele na kupunguza noti. Yeye hakupunguza. Alitoa Eclipse mwaka 1990 akiwa na bendi ya Waswidi watupu, akaendelea kutoa albamu karibu kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na Japani wakaendelea kumjaza kumbini. Msimamo huo naustahi, kwa kuwa najua mafundi walioacha kuchonga milango ya Unguja pale wateja walipotaka fremu za aluminiamu, na najua pia wawili watatu ambao hawakuacha. Hata hivyo, naona msimamo huo umemwachia upungufu mmoja. Waimbaji wake walibadilika mara nyingi mno, na katika miaka ya karibuni anaimba mwenyewe na kurekodi akiwa na watu wachache sana wa kumkatalia jambo. Taarabu imenilea katika imani kwamba fidla inakuwa fidla kwa sababu udi upo upande wa pili ukiibishia, na ninapozisikiliza albamu zake za karibuni nazikosa zile kinanda za Jens Johansson za mwaka 1984 na 1985, zilizokuwa zikimjibu na wakati mwingine kumtangulia.

Ndiyo maana kazi yake ya baadaye ninayoirudia zaidi ni ile aliyopiga na orkestra. Mwaka 1997 alikwenda Prague akarekodi na Czech Philharmonic, wakiongozwa na Yoel Levi, utungo mrefu wa gitaa la umeme na orkestra uliotolewa mwaka 1998. Hapo kuna watu wengi wa kuwasikiliza, na inambidi anyamaze zamu yake isipofika. Fidla na chelo zinaifungua sauti, gitaa linaingia, na ile skeli yenye pengo katikati inapita kutoka kwa nyuzi za mbao kwenda kwa nyuzi za umeme bila mtu kuona mshono.

Nilikwenda na rekodi hiyo Unguja mwaka 2012, pamoja na gitaa lenye shingo ya pili. Ami yangu alikuwa ameshazeeka, mikono ikitetemeka kidogo asubuhi na kutulia jioni. Nilimwamkia, "Shikamoo, ami," akaitikia marahaba, na kabla sijakaa vizuri akataka aone kilichomo kwenye mkoba. Aliipakata ala ile kwa namna asiyoizoea, akapitisha kidole kwenye mabonde kama fundi mkuu alivyofanya, akabonyeza uzi, akausikia ukipanda, akalegeza, akabonyeza tena.

"Hii imenyimwa ubao makusudi," akasema, "ili usipate pa kuegemea."

Miaka kumi nilikuwa nikilitafuta neno la kueleza shingo ile, naye alilipata ndani ya dakika moja, kwa kuwa fidla haina freti na mpigaji wake haegemei popote tangu siku ya kwanza. Kisha tukasikiliza rekodi ya Prague kwenye simu yangu, sauti ikiwa ndogo kama ya nzi. Hakuipenda yote. Alisema mtu huyu anajua Hijazi kuliko anavyojua kwamba anaijua, na kwamba angempa jambo moja tu, kupumzika kabla ya sauti ya mwisho. Nikamtetea, nikamwambia ami, huo ndio mtindo wenyewe, wingi ndio urembo wake, kama nakshi za mlango ambazo haziachi mahali patupu. Akafikiri, akasema, "Na mlango nao una kitasa, mwanangu, mkono lazima upate pa kushika." Tukabishana hadi Alasiri ilipoadhiniwa, na sijui hadi leo nani kati yetu alikuwa na haki zaidi.

Fundi mkuu ameshastaafu na karakana sasa naiendesha mimi. Kila mwaka huja vijana wachache, na wakati mwingine watu wazima, wanaotaka shingo zao zichimbwe kwa sababu wamemwona Malmsteen. Siwakatalii wala siwahubirii. Naishusha ukutani ile shingo ya kwanza niliyoiharibu, nawaonesha bonde la tano na vitone vilivyofutika, kisha nawapa gitaa langu lenye shingo ya pili, nawawekea sauti ya amplifaya juu, nawaacha peke yao chumba cha nyuma kwa nusu saa. Nikiwa mbele nikifanya kazi zangu nawasikia: noti zinapanda, zinapinda, kimya, zinapanda tena. Wengi hutoka wakanishukuru na kuondoka na shingo zao zikiwa nzima. Mara mojamoja, baada ya dakika kumi na tano hivi, nasikia noti ikitulia mahali pake, halafu nyingine, halafu mtetemo mmoja mpana unaokaa hewani, na hapo naanza kutafuta penseli.